Marufuku ya 1974 na Mchezo wa Kungojea Kivuko

Wapo wanaouona mchezo wa kutafuta vitu vilivyofichwa katika picha kuwa upuuzi wa vijana. Mwanahistoria huuliza: mbona ulichelewa kutufikia? Mwaka 1974 Serikali ya Tanzania ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta, baada ya mtambo wa hesabu za fedha za umma kuivunja moyo. Hasira ilieleweka, adhabu, kwa maoni yangu, ilipita kosa. Marufuku ikalegezwa polepole, na kizazi kizima cha makarani kikastaafu bila kushika kipanya.

Mystery Case Files: Huntsville ulitoka mwaka 2005, ukisambazwa kwa kupakuliwa, mkongo wa SEACOM ulifika Dar es Salaam mwaka 2009. Hivyo michezo ya aina hii wengi wetu tuliipokea kwa simu, si kwa kompyuta. Kigongo, penye foleni ya kivuko cha kwenda Busisi, ilikuwa na kila kinachohitajika: simu, kivuli na kungoja kusikojulikana mwisho. Juni 2025 likafunguliwa Daraja la J.P. Magufuli, kilomita 3 juu ya ziwa. Sasa abiria huvuka kwa dakika chache, simu ikiwa bado mfukoni.