Kwenda Kisiwa cha Mafia kutoka Morogoro: panga haya kabla ya kupanda boti

Wasikilizaji wetu wa Mgeta, Matombo na Kinole hutuuliza mara kwa mara jinsi ya kufika Mafia. Wapo wenye ndugu huko, wapo wanaotaka kuona bahari. Mafia ni wilaya ya Mkoa wa Pwani, na kisiwa chake kikubwa kinatazamana na delta ya Mto Rufiji. Maji ya Kilombero, mkoani kwetu, huingia Rufiji na kumwagika baharini huko huko.

Njia

Kutoka milimani, fika Morogoro mjini siku moja kabla, hasa wakati wa masika barabara zinapoteleza. Kwenda Dar es Salaam unaweza kupanda basi Msamvu, au treni ya SGR iliyoanza kubeba abiria kati ya Dar na Morogoro Juni 2024. Ukifika Dar, nenda Mbagala Rangi Tatu. Hapo utapata gari la Nyamisati, wilayani Kibiti, na kutoka Nyamisati utavuka kwa chombo hadi Kilindoni, makao makuu ya wilaya.

Ratiba ya vyombo hubadilika kufuatana na maji kujaa na kupwa. Piga simu kwa mwenyeji wako uulize kabla hujaondoka nyumbani, na tenga fedha ya kulala usiku mmoja njiani. Ndege ndogo kutoka Dar hutumia kama nusu saa, ila nauli yake ni kubwa zaidi.

Wakati wa kwenda

Upepo wa kusi huvuma kwa nguvu katikati ya mwaka, Juni hadi Agosti, na bahari huchafuka. Machi hadi Mei ni mvua. Kuanzia Oktoba hadi Februari hivi ndio wakati ambao papa potwe huonekana karibu na Kilindoni. Huyu ndiye samaki mkubwa kuliko wote duniani, lakini hula viumbe wadogo sana wa majini na hamdhuru mtu. Mtazame kwa mbali kidogo, usimguse.

Usalama majini

Hapa hatutanii. Usiku wa kuamkia Septemba 10, 2011, MV Spice Islander I ilizama ikitoka Unguja kwenda Pemba, ikiwa imejaza watu kupita uwezo wake. Mamia walipoteza maisha. Julai 18, 2012, MV Skagit ilizama karibu na Chumbe ikitoka Dar, bahari ikiwa na upepo mkali. Kwa hiyo:

- Sikiliza utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa (TMA) kabla ya kusafiri.
- Kata tiketi yenye jina lako, uandikwe kwenye orodha ya abiria. Chombo kikizama, orodha hiyo ndiyo inayoonyesha nani wa kutafutwa.
- Uliza jaketi okozi liko wapi na linavaliwaje. Mtoto avae linalomtosha.
- Ukiona chombo kimejaa kupita kiasi, shuka. Nauli inapatikana tena. Usalama wa vyombo husimamiwa na Shirika la Uwakala wa Meli Tanzania (TASAC).

Vya kubeba

Chukua kitambulisho, dawa unazotumia kila siku, chandarua, koti la mvua na fedha taslimu kiasi. Simu iweke kwenye kitu kisichopitisha maji. Mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa imepigwa marufuku tangu Juni 1, 2019, hivyo tumia kikapu. Kama hujawahi kupanda chombo cha baharini, kula chakula chepesi kabla ya kuvuka.

Ukishafika

Upande wa Utende na Ghuba ya Chole umo ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Mafia, iliyoanzishwa mwaka 1995. Kuna kiingilio, na Mtanzania hulipa kidogo kuliko mgeni. Usiokote matumbawe wala makombe. Kisiwani Juani yapo magofu ya mji wa kale wa Kua. Wenyeji wengi ni Waislamu, hivyo vaa kwa heshima na uombe ruhusa kabla ya kupiga picha.

Mwisho, hesabu nauli ya kurudi kwanza na uifiche kando. Bahari ikichafuka, vyombo husubiri, nawe utasubiri navyo. Mwenye akiba ya siku mbili hatalazimika kupanda chombo kibovu kwa haraka.