Siku ufunguo wa gari ulipoanza kuulizwa jina

Dereva alikuwa ameteremka na abiria kutoka Suji, akaegesha Toyota yake pembeni ya stendi ya Same. Ufunguo ukapotelea mahali fulani kati ya duka la dawa na kibanda cha chai. Fundi akafungua kitasa cha mlango, akasoma vibati vya ndani kimoja kimoja, akachonga ufunguo mwingine. Ukaingia kwenye swichi bila kukwama, ukazunguka. Stata ikapiga, injini ikashika sekunde moja, ikazima. Wakarudia, ikazima tena. Kwenye dashibodi kitaa chekundu kilikuwa kikipepesa. Mzee mmoja aliyekuwa akitazama akauliza, “Sasa kama umeingia na umezunguka, linataka nini tena?”

Mtu wa Upareni ana haki ya kuuliza hivyo. Milima hii ilivuma kwa chuma kabla ya reli na kabla ya lami. Kule Ugweno, ukoo wa Washana uliyeyusha na kufua chuma, na Wachagga walikuwa miongoni mwa wanunuzi wa chuma cha Wapare. Profesa Isaria Kimambo, aliyechapisha historia ya kisiasa ya Wapare mwaka 1969, anaeleza kwamba Washana waliwahi kuitawala Ugweno mpaka ukoo wa Wasuya ulipowapindua. Enzi hizo aliyeujua moto na mvukuto alikuwa mtu mkubwa.

Kwa muda mrefu ufunguo wa gari nao ulikuwa kazi ya mikono kama hiyo. Magari ya mwanzo yaliwashwa kwa kuzungusha hendeli mbele ya injini. Mwaka 1912 Cadillac ilileta stata ya umeme, na mwaka 1949 Chrysler ikatoa magari ambayo ukizungusha ufunguo tu, stata inapiga. Lakini hata hapo ufunguo ulibaki kuwa mlango wa umeme na basi. Land Rover za zamani, zile zilizopandisha watu na mizigo kwenda Mamba na Chome, ziliwaka hata ukiunganisha nyaya mbili chini ya dashibodi. Ukitaka ufunguo wa akiba, ulikandamiza ule ulionao kwenye kipande cha sabuni, ukampelekea fundi alama ile pamoja na bati na tupa. Jioni unao.

Magari yenyewe yalikuwa machache. Uagizaji ulibanwa na uhaba wa fedha za kigeni mpaka bajeti ya Tanzania ya mwaka 1984, iliporuhusu mwenye fedha zake nje alete bidhaa bila kuulizwa amezipata wapi. Waziri wa Fedha wakati huo alikuwa Cleopa Msuya, mzaliwa wa Usangi, hukuhuku Upareni. Mlango ule ulipofunguka, yakaanza kuingia magari yaliyokwisha kutumika ng'ambo, na miaka iliyofuata Toyota za mtumba kutoka Japani zikajaa barabarani.

Wakati huohuo, mbali na hapa, ufunguo ulikuwa unabadilika. Mwaka 1986 General Motors ya Marekani iliweka kwenye ufunguo wa Corvette kipande kidogo cha kuzuia umeme. Vilikuwepo vya vipimo 15 tu, kwa hiyo mwizi mvumilivu aliweza kuvijaribu vyote. Kisha Ukuta wa Berlin ukaanguka mwaka 1989, na wizi wa magari Ujerumani ukapanda vibaya, mengi yakivushwa kwenda mashariki. Kampuni za bima zikachoka kulipa. Kufikia mwaka 1995 zilikuwa zinadai gari jipya liwe na kizuizi cha kielektroniki, na Umoja wa Ulaya ukatoa agizo lililofanya kizuizi hicho kuwa lazima kwa magari mapya madogo kuanzia Oktoba 1998. Watengenezaji duniani wakafuata.

Kinachofanya kazi hiyo ni kitu kidogo mno. Pasua kwa wembe plastiki ya kichwa cha ufunguo, utakuta kipande cheusi mfano wa kipande cha mkaa, au kichupa cha kioo kinachokaribia punje ya mchele. Ndiyo chipu. Haina betri (betri unayobadilisha ni ya rimoti ya milango). Kuzunguka tundu la swichi kuna koili ya waya. Ufunguo ukiingia, koili inatoa mawimbi, chipu inaamka kwa nguvu ya mawimbi hayo na kutaja namba yake. Kompyuta ya gari ikiitambua namba hiyo, inaruhusu mafuta na moto. Isipoitambua, inakata.

Mzee wa stendi, basi, alikuwa amegusa penyewe. Gari lilikuwa linauliza jina.

Kinachoniuma ni jinsi teknolojia hii ilivyofika kwetu. Dawa ya wizi wa Ulaya ilishuka bandarini Dar es Salaam ndani ya magari ya mtumba, na mnunuzi hakuambiwa. Gari mara nyingi huja na ufunguo mmoja. Katika Toyota nyingi za mwishoni mwa miaka ya 1990 na baadaye, funguo zilikuwa za ngazi mbili, mkuu na msaidizi, na mkuu pekee ndio ulioweza kuandikisha wenzake. Aliyepewa msaidizi hakujua kwamba mkuu umebaki Japani.

Ufunguo mmoja ukiwa hai, kazi ni ya dakika chache: mashine inasoma chipu ya zamani, inanakili kwenye mpya. Ukipotea wa mwisho, fundi anatoa kompyuta ya gari, anafungua kasha lake, anatafuta kijidude cheusi chenye miguu minane kinachohifadhi kumbukumbu, anakichomoa kwa kuyeyusha risasi iliyokishika, anakisoma kwenye laptopu, anaandika upya, anakirudisha. Mguu mmoja ukivunjika, hasara inakuwa ya kompyuta nzima. Kazi hii ni ya heshima, na sisiti kumweka anayeiweza kwenye mstari mmoja na wafua chuma wa Ugweno.

Wenye viwanda walitaka maarifa haya yabaki siri. Mwaka 2005 watafiti wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins na maabara za RSA walionyesha kwamba chipu iliyotumika sana, yenye msimbo wa biti 40, inavunjika, na wakaliwasha gari la Ford kuthibitisha. Mwaka 2013 Volkswagen ilipata zuio katika mahakama ya London dhidi ya utafiti kuhusu chipu nyingine, na ukachapishwa miaka miwili baadaye. Mimi niko upande wa waliochapisha. Siri ile inamlinda mwenye karakana kubwa mjini, na kumwacha mwenye gari wa Gonja, huku Upareni, akiburuzwa kwa kamba mpaka Moshi.

Pale stendi, fundi mwenye mashine alifika alasiri kutoka Moshi, kilomita zipatazo 100. Aliketi kiti cha mbele na kompyuta ya gari mapajani, kioo cha kukuzia jichoni, watoto wakimtazama dirishani. Alipomaliza aliingiza ufunguo kwenye swichi, kile kitaa kikaacha kupepesa. Injini ikashika, haikuzima. Dereva hakuondoka. Alimwomba aandikishe ufunguo wa pili papo hapo, akaufunga kwenye kitambaa, akasema huo unapanda Suji kwa mama yake.