Poka ya mtandaoni: Jinsi takwimu za skrini zinavyofichua tabia ya mpinzani

Tangu tovuti ya Planet Poker ianzishe poka ya fedha halisi mwaka 1998, mcheza karata wa mtandaoni haoni uso wala mikono ya mpinzani wake. Pengo hilo sasa huzibwa na takwimu.

Programu kama PokerTracker na Hold'em Manager husoma kumbukumbu za kila mgao wa karata, kisha huonyesha tarakimu kando ya jina la kila aliyeketi mezani.

Tarakimu ya kwanza, VPIP, ni asilimia ya migao ambayo mchezaji aliweka fedha kwa hiari kabla ya karata za mezani kufunuliwa. Ya pili, PFR, ni asilimia ya migao aliyopandisha dau katika hatua hiyohiyo.

Kwenye meza ya watu sita, mwenye 45 na 8 huingia ovyo na kufuata tu. Mwenye 22 na 18 huchagua karata na kushambulia. Mwenye 12 na 9 husubiri karata nzuri; akipandisha dau, ni busara kumpisha.

Hata hivyo, migao 20 haithibitishi tabia ya mtu. Karata mbovu mfululizo humfanya mkali aonekane mwoga. Huhitajika mamia ya migao.

Asiye na programu hizo huhatarisha fedha zake gizani, mbele ya wanaomwona. Mwaka 2019 partypoker ilizipiga marufuku. GGPoker nayo huruhusu takwimu zake yenyewe tu.