Fizikia Uliyoiacha Kidato cha Pili

Wasee wa Kericho na Bomet, tuongee ukweli. Wazee wetu walichujwa mara mbili: KCE kidato cha nne, KACE kidato cha sita, ndipo chuo. KCSE ya kwanza ikaja 1989, kidato cha sita kikafa, na uamuzi mzito ukashuka hadi kidato cha pili. Hapo ndipo wengi waliacha fizikia, ati mwalimu ni mkali. Baadaye una B+, unataka uhandisi, KUCCPS inauliza fizikia iko wapi. Nani angemweleza mtoto wa mchuma chai mapema hivyo? Sasa ni mapema zaidi: Gredi ya 10 ilianza Januari 2026, na mkondo unachaguliwa Gredi ya 9. Uko na mdogo wako Litein ama Sotik? Mpigie leo.