Siku 100, Kutoka Kayole

Tarehe 5 Desemba 2016, siku ya kwanza ya mgomo wa madaktari, wagonjwa takriban 100 walitoroka hospitali ya Mathari. Sisi huku Kayole tulicheka. Wiki ya pili kicheko kikaisha. Mama mboga wa ploti yetu alivimba mguu, na hospitali ya serikali haikuwa na daktari. Wanachama wenzake wakachanga, akapelekwa kliniki ya kulipia.

Madaktari walikuwa na karatasi yao. Juni 2013 serikali ilisaini makubaliano na chama chao, KMPDU: mishahara ipande, mazingira ya kazi yaboreshwe. Miaka mitatu ikapita, zii. Daktari akikwambia anagoma kwa sababu ya mgonjwa, unaona anakuzubaisha. Lakini fikiria zamu ya usiku, glavu zimeisha, uko pekee yako na foleni imefika getini. Ukirudi kazini hivyo, unatibu ama unasindikiza?

Serikali ikajitetea kwamba makubaliano hayakusajiliwa mahakamani. Jaji Hellen Wasilwa wa mahakama ya kazi akaamuru mgomo usitishwe. Ulipoendelea, Januari akawahukumu maafisa 7 wa chama kifungo cha mwezi mmoja, ila akakiahirisha ili wajadiliane. Hawakuelewana. Tarehe 13 Februari 2017 wakaingia jela, Katibu Mkuu Ouma Oluga akiwa mmoja wao. Hapo hata madaktari wa hospitali za kibinafsi wakaweka vifaa chini kwa muda. Siku mbili baadaye Mahakama ya Rufaa ikawaachilia.

Kinachonisumbua mpaka leo ni kwamba kila upande ulimtaja mgonjwa. Serikali ilisema anaumia, rudini wodini. Madaktari wakasema ataumia zaidi tukirudi hivi. Wote walikuwa sawa, na hiyo ndiyo shida. Mwenye bima alivuka barabara akatibiwa. Mama mboga hakuwa na wakili pale Milimani.

Mkataba wa kurudi kazini ulisainiwa 14 Machi, siku ya 100. Wiki hiyo mama mboga alienda tena hospitali ya serikali, nami nikamsindikiza. Tukampata daktari kijana, macho mekundu.

"Daktari, na wewe walikufunga?"

Akatingisha kichwa, akainama, akabonyeza ule mguu. "Mama, hii ilianza lini?"

"Disemba," akajibu.