Samaki Wageni wa Mito ya Milimani

Wasikilizaji wetu, mara nyingi wazee hutuuliza: “Mwalimu, mjukuu wangu ataka kujifunza kuvua kwa mshipi, nimpeleke mto gani?” Jibu letu huanza na habari za zamani, kwa maana katika mito ya baridi ya Kenya samaki aitwaye trauti si mwenyeji. Aliletwa, na namna alivyoletwa yatuonyesha hata leo mahali pa kumpeleka mtoto.

Mwaka 1905 Mwingereza aitwaye Ewart Grogan alileta trauti wa kahawia, wa asili ya Loch Leven, ziwa la Uskochi, wakatiwa katika mto Gura ushukao kutoka milima ya Nyandarua. Mayai ya samaki huyu hufa yakipata joto. Basi kumfikisha kutoka nchi ya barafu hata maji ya milimani, kupitia nchi za jua kali, haikuwa kazi ndogo. Grogan huyo ndiye aliyewachapa viboko Waafrika hadharani mbele ya mahakama ya Nairobi mwaka 1907. Twalitaja jambo hilo ili msidhani samaki hao waliletwa kwa ajili ya wanavijiji. Wakikuyu wa zamani hawakula samaki, na walowezi walitaka mchezo wa kwao. Baadaye sheria ikadai leseni, na mtu aliyechota maji mtoni kila siku aliweza kumwona trauti akipita asithubutu kumtupia ndoana.

Mwaka 1910 akaletwa trauti wa pili kutoka Afrika Kusini, ambaye asili yake hasa ni upande wa magharibi wa Amerika. Huyu ana utepe mwekundu ubavuni. Hapo ndipo habari za kale zinapomfaa mjukuu: yule wa kahawia ni mwerevu, hujificha chini ya mawe na hushtuka upesi, huyu wa utepe hula bila woga mwingi, na anayejifunza aweza kumpata. Mwaka 1948 kikajengwa kituo cha kuangulia trauti huko Kiganjo, karibu na Nyeri, na vifaranga vikatiwa mitoni.

Sasa mto gani? Si Gura. Sisi tulipata kwenda huko pamoja na wanafunzi, tukijivunia kwamba ndipo mambo yalipoanza. Maji yanakwenda mbio mno. Kijana mmoja aliteleza, kiatu chake kikachukuliwa, na jioni tukarudi mikono mitupu. Afadhali mito midogo ya Mlima Kenya, kama vile Thego na Naro Moru, pale inapotoka msituni na kupita penye majani mafupi. Tazameni kwanza nyuma yenu: kukiwa na miti, mshipi wa mtoto utashika matawi siku nzima, naye atalia. Tazameni na kina: maji yasimpite magoti. Kisha tafuteni kidimbwi kilicho chini ya jiwe kubwa. Trauti husimama akielekea maji yatokako, akingoja wadudu waletwe. Kwa hiyo mwendeeni kwa nyuma, mkipanda na mto, wala msikanyage kwa kishindo. Ndoana iliyofungwa manyoya mfano wa nzi yatosha.

Leseni iulizeni kwanza katika ofisi ya uvuvi. Na ndani ya msitu msiende na watoto pasipo askari wa wanyama, maana nyati naye hupenda maji.

Wakati nao una maana. Siku za ukame watu wengi huvuta maji ya Naro Moru kumwagilia mashamba, vidimbwi hupungua na kupata joto, na trauti hali chochote. Ngojeni mvua zipite, tope lishuke, hata mtoto aweze kuhesabu mawe yaliyo chini. Siku hiyo mpelekeni asubuhi.