Vichocheo Viwandani: Molasi ya Kilombero Inavyogeuka Kuwa Spiriti

Kichocheo ni kitu kinachoharakisha badiliko la kikemia bila chenyewe kwisha. Katika Bonde la Kilombero, mfano wake ulio karibu na wananchi upo Kidatu, kaskazini mwa Ifakara. Huko Kampuni ya Sukari Kilombero, ambayo Serikali ni mwanahisa wake, hutengeneza pia spiriti kutokana na molasi, yaani uji mzito mweusi unaobaki baada ya sukari kutolewa katika maji ya miwa.

Kazi ya kugeuza molasi hufanywa na hamira. Ndani ya chembehai hizo mna vimeng'enya, ambavyo ni vichocheo vya asili. Kimojawapo huigawa sukari ya miwa kuwa glukosi na fruktosi. Vingine huzigeuza hizo kuwa etanoli na hewa ya ukaa. Kwa hesabu ya kikemia, kilo 180 za glukosi haziwezi kutoa zaidi ya kilo 92 za etanoli. Yote hufanyika katika joto la nyuzi 30 hadi 35 hivi, bila tanuri. Joto likizidi mno, hamira hufa na uchachushaji husimama. Ndiyo maana matangi hupozwa wakati wote.

Baada ya hapo mchanganyiko huchemshwa na mvuke wake kupozwa. Njia hiyo ya kawaida hukomea etanoli ya takriban asilimia 95.6 kwa uzito. Anayetaka etanoli kavu ya kuchanganywa na petroli huweza kutumia zeolaiti, madini yenye vitundu vya nanomita 0.3 hivi: molekuli ya maji hupenya, ya etanoli hubaki nje. Kwa jiko la nyumbani, gharama hiyo ya ziada si ya lazima.

Suala la jiko si dogo. Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia wa 2024–2034 umelenga asilimia 80 ya Watanzania kutumia nishati safi ifikapo 2034, na etanoli ni miongoni mwa nishati hizo. Kila lita inayochukua nafasi ya mkaa huipunguzia misitu mzigo.

Hata hivyo, lita moja ya spiriti ya molasi kwa kawaida huacha lita 10 hadi 15 za majitaka ya kahawia, yanayokula oksijeni ya mto yakimwagwa ovyo. Kiwanda kikiwa kando ya Ruaha Mkuu, ambao maji yake huingia Rufiji, majitaka hayo hayana budi kutibiwa kwanza. Vijidudu wanaoishi pasipo hewa huweza kuyatoa gesi ya methani kwa vimeng'enya vyao, na potasiamu inayosalia ikarudishwa mashambani kuwa mbolea ya miwa.